Ubadilishaji wa Madirisha ya Zamani Hale na Matumizi Bora ya Umeme Majumbani

Hale ni mji mdogo wilayani Korogwe, mkoani Tanga, uliopo kando ya Mto Pangani na barabara kuu itokayo Segera kuelekea Tanga. Unafahamika kwa mashamba ya mkonge na kwa kituo cha kufua umeme wa maji chenye uwezo wa megawati 21, kilichoanza kazi mwaka 1964. Maji yanayozungusha mitambo yake huanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hupitia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na yakishatoka Hale huteremka hadi kituo cha New Pangani Falls chenye megawati 68. Pamoja na ujirani huo, mkazi wa Hale hununua uniti zake za LUKU kwa bei ile ile anayolipa mkazi wa Dar es Salaam, na katika miezi ya joto sehemu kubwa ya uniti hizo huishia kwenye mapangaboi, majokofu na, katika nyumba chache, viyoyozi.

Hapo ndipo madirisha yanapoingia katika hesabu ya umeme. Nyumba inayoshika joto mchana na kukosa hewa usiku humlazimu mwenye nyumba kuwasha feni hadi alfajiri.

Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, ambalo ni la wenye matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ikiongezwa kodi ya VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, uniti moja hufikia shilingi 122. Mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292, ambazo kwa tozo hizo huwa takriban shilingi 356. Kaya inayotumia uniti 90 kwa mwezi ikiwa T1 hulipa zaidi ya shilingi 32,000. Kaya hiyo ikishuka hadi uniti 74 na kupangwa D1, malipo huwa kama shilingi 9,000. Tofauti ya uniti 16 ni sawa na pangaboi moja la wati 75 linalozunguka saa saba kila usiku. Kundi la mteja hupangwa kwa kuangalia wastani wa matumizi, hivyo nafuu hiyo haiji kwa mwezi mmoja wa kujibana; inahitaji nyumba yenyewe iwe imebadilika.

Swali ni dirisha gani linaloweza kuleta badiliko hilo. Maandishi mengi yanayohusu madirisha na nishati yametoka katika nchi za baridi, ambako dirisha la zamani huondolewa ili joto la ndani lisitoroke, na mahali pake huwekwa vioo viwili vyenye nafasi ya hewa au gesi katikati. Ushauri huo una maana Lushoto, katika mkoa huu huu, ambako usiku wa Juni na Julai familia hufunga kila upenyo. Hale iko bondeni, na shida yake ni kinyume: joto huingia mchana na hukosa pa kutokea usiku. Kioo maradufu katika dirisha linalobaki wazi kwa saa nyingi za siku ni fedha iliyopotea.

Mabadiliko yanayoonekana zaidi katika nyumba mpya na zilizokarabatiwa ni kuondoa madirisha ya mbao au ya luva, yaani vipande vya vioo vinavyopandana, na kuweka ya aluminiamu ya kusukuma. Aluminiamu haili kutu kwa urahisi, mchwa hawaigusi, na nyumba hupendeza. Kwa upande wa hewa, hata hivyo, kuna hasara ambayo fundi huitaja kwa nadra. Dirisha la kusukuma lenye upana na kimo cha mita 1.2 lina eneo la mita za mraba 1.44, lakini kwa kuwa kioo kimoja husogea nyuma ya kingine, nafasi inayopitisha hewa haizidi mita za mraba 0.72. Luva au mbao za ukubwa ule ule hufunguka karibu zote. Aliyekuwa na madirisha manne mazuri ya mbao, akayabadilisha yote, amepoteza nusu ya hewa ya nyumba yake na huenda akanunua feni ya pili kufidia.

Kwa nyumba isiyo na kiyoyozi, basi, dirisha bora ni lile linalofunguka lote kwa bawaba, liwe la mbao au la aluminiamu. Mbao haijapitwa na wakati. Mkoa wa Tanga una misaji, inayoitwa pia mitiki, katika Shamba la Misitu la Longuza wilayani Muheza, na fremu ya msaji uliokaushwa vizuri hudumu miaka mingi. Nyumba za kale za Pangani na Zanzibar zilitumia shata zenye vipande vya mbao vilivyolazwa mshazari, ambavyo huzuia jua na macho ya wapita njia huku vikiruhusu upepo. Ni ufundi uliozaliwa katika joto hili hili, na si rahisi kuelewa kwa nini umeachwa.

Luva zina udhaifu mmoja: hazizibi vizuri. Chumba chenye kiyoyozi na luva ni sawa na mtungi unaovuja. Kiyoyozi kinachokula wati 1,000 kikifanya kazi mfululizo kwa saa nane humaliza uniti 8, na uniti 75 za mwezi huisha kabla ya siku kumi. Katika chumba hicho pekee dirisha la aluminiamu lenye mpira imara pembezoni lina faida ya wazi, na hakuna ulazima wa kubadilisha madirisha ya nyumba nzima.

Rangi ya kioo nayo hutazamwa zaidi ya inavyostahili. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga. Kioo cha rangi hupunguza kiasi hicho, lakini chenyewe hupata moto na kurudisha sehemu ya joto ndani. Kikiwa cheusi mno, taa huwashwa mchana. Kivuli cha nje hushinda kioo cha aina yoyote, kwa sababu huzuia jua kabla halijafika.

Hale iko karibu na nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri hupita juu ya kichwa mapema Machi na tena mapema Oktoba. Kati ya tarehe hizo huegemea kaskazini, na miezi iliyobaki huegemea kusini. Upenu unaotokeza sentimita 60 hutia kivuli kama mita 1.1 ya ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni, na zaidi ya mita 1.8 ya ukuta wa kusini adhuhuri ya Desemba. Madirisha ya pande hizo mbili hulindwa na paa lenyewe. Ya mashariki na magharibi hayalindwi, kwani jua la asubuhi na la alasiri hupita chini ya upenu. La magharibi ndilo baya zaidi, kwa kuwa hupashwa moto wakati nyumba yote imekwisha kupata joto. Hapo hufaa kibaraza, mti, shata, au hata mkeka unaoning'inizwa nje ya dirisha. Mpangaji asiye na ruhusa ya kubomoa ukuta anaweza kuufunga na kuufungua mwenyewe.

Upepo nao una njia zake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ile ile ambayo joto hukithiri. Dirisha la kaskazini au mashariki halileti hewa ya kutosha kama hakuna tundu upande wa pili wa kutokea. Chumba chenye dirisha moja hubaki kizito hata dirisha hilo likiwa kubwa. Kutoboa nafasi ndogo juu ya mlango wa ndani mara nyingi huleta nafuu kuliko fremu mpya.

Wavu wa mbu hauwezi kuachwa nje ya hesabu. Katika nyanda za chini za Tanga malaria ni hatari halisi, na familia isiyo na nyavu madirishani hufunga kila kitu ifikapo magharibi, kisha hulala katika joto na feni. Wavu hupunguza kasi ya upepo kwa kiasi, jambo linaloongeza hoja ya dirisha linalofunguka lote. Mbu waenezao malaria hupenda pia kupita katika mwanya kati ya ukuta na paa, hivyo mwanya huo uwekewe wavu badala ya kuzibwa kwa saruji, ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Nondo zibaki, maana dirisha lisiloweza kuachwa wazi usiku kwa hofu ya wezi halina kazi saa inapohitajika zaidi.

Katika nyumba ya chini iliyoezekwa bati, joto jingi la adhuhuri hushuka kutoka juu. Nyumba isiyo na dari haitapoa kwa madirisha mapya, yawe ya thamani gani. Mwenye fedha kidogo aanze na dari, afuate kivuli cha upande wa magharibi na wavu, kisha ndipo afikirie fremu. Anapofika hapo, apime kila tundu na fundi kabla ya kulipa, akubaliane naye kwa maandishi kuhusu unene wa kioo na aina ya ufunguaji, na adai risiti ya EFD kwa vifaa anavyonunua dukani.