Hesabu na Siri: Hali ya Mtumishi katika Makampuni ya Zana za Vita

Wenye kuandika juu ya watu wanaokula mshahara wa makampuni makubwa ya zana za vita aghalabu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza humwona mtumishi wa makampuni hayo kuwa ni mshirika wa umwagaji damu, aliyeuza dhamiri yake kwa nyumba nzuri na malipo ya uzeeni. La pili humwona kuwa ni mlezi wa watoto wake na mtetezi wa nchi yake, ambaye dhima yake juu ya bomu haizidi ile ya mhunzi juu ya kisu alichokifua. Makundi haya yamezozana miaka mingi, na pamoja na uhasama wao yamekubaliana, bila ya kujua, katika jambo moja ambalo kwa rai yangu ndilo lenye kasoro: yote mawili yadhani kuwa mtumishi huyo huiona kazi yake nzima, mwanzo hadi mwisho, kisha ndipo akaikubali au akaikataa. Ushahidi wa nusu karne iliyopita na zaidi, huko Marekani na Uingereza ambako viwanda hivi vimekita mizizi, waonyesha kinyume. Mtu hupewa kipande, na kipande hicho huzungushiwa ukuta. Na ukuta huo, ijapokuwa ulijengwa kwa madhumuni ya kumficha adui siri, umekuja kufanya kazi nyingine ambayo adui hana habari nayo, nayo ni kuificha hesabu.

Kazi yenyewe, kwa siku nyingi za mwaka, si ya kutisha wala ya kusisimua. Mhandisi huingia na kitambulisho shingoni, huacha simu yake nje ya vyumba fulani, hukaa vikao virefu juu ya badiliko la kifuniko kimoja ambalo lazima litiwe sahihi na watu wengi, na jioni huandika saa zake. Kuandika saa si jambo dogo. Katika kampuni yenye mkataba na serikali ya Marekani, kila saa ya mtumishi hutiwa chini ya nambari ya mkataba unaoilipia, na wakaguzi wa Idara ya Ulinzi, ambao wamekuwa na ofisi yao maalumu tangu 1965, wana haki ya kuzitaka karatasi hizo na kuzipekua. Asiyekuwa na nambari ya kuandikia huwa mzigo juu ya kampuni, naye ajua kuwa mzigo hautunzwi muda mrefu. Hivyo mtumishi mdogo huzoea kuhesabiwa kwa uangalifu ambao, kama tutakavyoona, haupandi naye ngazi za juu.

Fauka ya hayo kuna kibali cha serikali cha kushika mambo ya siri, ambacho ndicho riziki hasa, kwani mshahara hukifuata chenyewe. Kibali hakimilikiwi na kampuni wala na mwenye kukibeba, na anayekitoa aweza kukitwaa. William Greene, mhandisi wa ndege aliyepanda hadi kuwa makamu wa rais wa kampuni moja ya Maryland iliyokuwa ikilitengenezea jeshi la majini vifaa, alinyang'anywa kibali chake mwaka 1953 kwa tuhuma za kusuhubiana na wakomunisti. Hakuonyeshwa waliomsema wala hakuruhusiwa kuwahoji. Kampuni haikuwa na ugomvi naye. Ilimtoa kwa kuwa bila ya kibali hapakuwa na alichoweza kufanya pale, na mlango wa fani nzima ya ndege ukamfungia, hata akaishia katika ofisi ya wasanifu wa majengo kwa mshahara usiofika theluthi ya ule wa awali. Mwaka 1959 Mahakama Kuu ya Marekani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren, iliamua kwamba si Bunge wala Rais aliyekuwa ameidhinisha mtu avuliwe kazi yake kwa utaratibu usiompa nafasi ya kukabiliana na wanaomshitaki. Hukumu ilikuwa njema, walakini ilikuja baada ya miaka sita, na wenzake waliobaki viwandani walikwisha kulipata funzo lao zamani.

Ingekuwa dhulma, hata hivyo, kusimulia hofu peke yake, maana wako waliofanya kazi hii kwa furaha isiyo na shaka. Katika karakana ya Lockheed huko Burbank, California, iliyoongozwa na Kelly Johnson, kundi dogo la wahandisi na mafundi waliiunda ndege ya upelelezi ya U-2 kwa muda usiofika miezi tisa, ikaruka mara ya kwanza Agosti 1955 katika jangwa la Nevada. Johnson alitaka watu wachache, makaratasi machache, na mchoraji akae karibu na chuma anachokichora. Waliofanya kazi chini yake waliikumbuka kwa fahari hata uzeeni, na sababu yake si ngumu kuifahamu: ndani ya ukuta ule wa siri, kila mmoja aliiona ndege nzima. Lakini karakana kama ile ni nadra. Mradi wa ndege ya kivita ya F-35, ambao Lockheed Martin ilipewa mwaka 2001, umeenezwa kwa makampuni ya majimbo mengi ya Marekani na nchi nyingi za nje, na kijana aliyeingia humo na shahada yake ya kwanza aweza kufikia umri wa makamo akiwa bado anatunza kipande kimoja cha programu yake. Huyu hana furaha ya Burbank, ila ana siri zake zote.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwaka 1965 Lockheed ilipata mkataba wa kuunda ndege kubwa ya mizigo ya jeshi, C-5A, katika kiwanda chake cha Marietta, Georgia. Iliwashinda washindani wake kwa bei ndogo, na bei ile, kama ilivyodhihirika, haikuwa ya kweli. Novemba 1968 A. Ernest Fitzgerald, mtumishi wa serikali aliyekuwa akichunguza gharama za jeshi la anga, aliulizwa na Seneta William Proxmire mbele ya kamati ya Bunge kama gharama zingezidi kwa takriban dola bilioni 2, naye hakukana. Na tupime uzito wa kosa lake. Hakusema ndege isiundwe, hakusema vita vya Vietnam ni haramu, hakutoa siri hata moja ya kumfaa adui; alikubali tu kwamba hesabu fulani yaelekea kuwa sahihi. Cheo chake kikafutwa, na kanda za Ikulu zilikuja kuthibitisha kuwa Rais Nixon mwenyewe alitaka aondolewe. Alihangaika na mashauri zaidi ya miaka kumi ndipo akarudishiwa nafasi yake.

Fitzgerald alikuwa upande wa serikali. Aliyekuwa ndani ya kampuni ni Henry Durham, meneja huko Marietta, ambaye aliona makaratasi yakisema ndege imekamilika hatua fulani ilhali kwa macho yake vipande vingi havimo. Alilalamika kwa wakubwa wake ngazi kwa ngazi, kama taratibu zitakavyo, akaishia kuiacha kazi. Na alipotoa ushahidi mbele ya Proxmire mwaka 1971, vitisho vilivyomwandama yeye na jamaa zake vilifika kiasi cha serikali kumwekea walinzi. Mwaka huohuo, tarehe 2 Agosti, Seneti ilipiga kura 49 kwa 48 kuidhamini Lockheed mikopo ya dola milioni 250 isije ikafilisika, na hujja iliyotiliwa nguvu kuliko zote ilikuwa ajira za maelfu ya watumishi. Mtumishi ambaye hakupata kuonyeshwa vitabu akawa ndiye sababu ya kutovifunua.

Kutoka hapo naona njia yaelekea wazi. Mtu mwenye wasiwasi wa dhamiri makampuni haya humvumilia: huhamishiwa mradi wa satelaiti za hali ya hewa, au huachwa anung'unike wakati wa chakula, au huondoka kwa hiari yake na kuagwa kwa heshima. Anayehesabu na kusema alichohesabu ndiye asiyevumilika. Mwaka 1986, baada ya kashfa za bei za vipuri, makampuni makubwa ya Marekani yaliungana kuanzisha mpango wa maadili ya biashara, na tangu hapo mafunzo ya maadili yamekuwa ada. Nayo yana faida, sikatai, ila humwelekeza mtumishi azichunge saa zake mwenyewe na zawadi atakazopewa. Na pa kukimbilia pamepungua: mwaka 1993 wakuu wa Idara ya Ulinzi waliwaalika viongozi wa makampuni kwa chakula cha jioni, wakawaambia kwamba Vita Baridi vimekwisha na bajeti haitawatosha wote, na ripoti ya idara hiyohiyo ya mwaka 2022 ilisema makampuni makuu yaliyokuwa 51 yamebaki 5. Anayegombana na moja ajua kuwa amegombana na sehemu kubwa ya soko.

Wako waliojaribu kuubomoa ukuta kwa pamoja. Watumishi wa Lucas Aerospace nchini Uingereza, ambayo karibu nusu ya kazi yake ilikuwa ya kijeshi, waliunda kamati iliyokusanya viwanda vyao vyote, na mwaka 1976 wakatoa mpango wao wenyewe. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Mike Cooley, mtu wa Ireland, mchoraji wa mitambo. Kwanza waliwaandikia wataalamu na vyuo barua 180 kuuliza mafundi wenye ujuzi kama wao wangeweza kuunda nini cha kuufaa umma, na majibu yakaja machache mno. Ndipo wakawauliza wenzao viwandani, na yakapatikana mapendekezo kama 150: mashine za figo, pampu za joto, mitambo ya upepo, gari la kwenda barabarani na relini pia. Kampuni haikukubali kujadiliana nao juu ya mpango huo, na Cooley akaachishwa kazi mwaka 1981. Siku hizi watumishi hao husifiwa kama watakatifu wa amani, na sifa hiyo yawapunja, kwa kuwa walianza kwa hofu ya kupunguzwa kazi, hofu ya kawaida kabisa. Na lililowaudhi wakubwa, nionavyo, si kutaja amani bali ni kwamba watumishi walikaa wakaorodhesha mashine zote, ustadi wote na uwezo wote wa kampuni katika waraka mmoja, kazi ambayo ilihesabiwa kuwa ni haki ya mabwana peke yao.

Watanzania wana sehemu yao katika habari hii. Rada ya kuongozea ndege iliyouzwa kwa Tanzania na kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28 ilipingwa hata ndani ya serikali ya Uingereza, ambako waziri wa maendeleo ya nje, Clare Short, aliiona kuwa ghali kwa nchi maskini, lakini kibali cha kuisafirisha kilitolewa mwaka 2001. Ilipofika mwaka 2010, kosa ambalo kampuni ilikiri halikuwa la rushwa, bali la kutotunza ipasavyo vitabu vya hesabu juu ya malipo ya mamilioni ya dola aliyopewa wakala wake. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na kwa makubaliano ikatoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha ambazo magazeti na Bunge viliziita chenji ya rada na ambazo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Rada yenyewe ilifungwa Dar es Salaam. Mafundi waliouunda mtambo ule wangeweza kueleza kila waya uliomo. Wakala alilipwa kiasi gani na kwa kazi gani, hilo halikuwa na nambari katika karatasi zao za saa.