Nyasi Zinaposimulia

Vita vya Kagera havikukosa wasimulizi. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alitoa kitabu chake, Kuzama kwa Idi Amin. Mwaka uliofuata Henry Muhanika akatoa utenzi mzima juu ya vita hivyo na anguko la Amin. Mwaka 1982 waandishi wa habari Tony Avirgan na Martha Honey wakachapisha simulizi yao kwa Kiingereza. Sisi wa Bukoba na Muleba tunaijua hadithi hiyo kwa moyo: majeshi ya Amin kuvuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, ndege zake kuipiga Bukoba mabomu, daraja la Kyaka kuvunjwa tarehe 3 Novemba, na Mwalimu kuliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Kisha Mutukula, Masaka, na hatimaye Kampala tarehe 11 Aprili 1979.

Ni hadithi ya kweli, nami siibishii. Lakini tazama, msomaji wangu, msimulizi amesimama wapi. Amesimama nyuma ya bega la askari, anatazama mbele. Kila sura ya kitabu ni mji uliotekwa. Waliobaki nyumbani hutajwa kwa jumla yao: wananchi walikimbia, mali ziliporwa, mifugo ilichukuliwa. Baada ya hapo msimulizi huondoka na jeshi, na wale wananchi hatuwaoni tena.

Ndiyo maana nataka kuzungumzia riwaya moja iliyoandikwa na jirani yetu. Jina lake ni Waiting, yaani Kungoja, na mwandishi wake ni Goretti Kyomuhendo, mzaliwa wa Hoima, Uganda. Ilichapishwa New York mwaka 2007. Vita ni hivi hivi vyetu, mwaka ni 1979, ila vinasimuliwa na Alinda, msichana wa miaka kumi na mitatu anayeishi kijijini karibu na Hoima. Askari wa Amin wameshindwa na wanakimbilia kaskazini. Njiani wanapora na kuua. Jamaa ya Alinda hailali ndani. Usiku huingia vichakani na migombani. Kaka yake, Tendo, hupanda mwembe na kukaa juu ya tawi ili aone kama askari wanakuja. Mama ni mjamzito, na siku zake zimekaribia.

Wapo waliowahi kutumia wasimulizi wa ajabu zaidi katika riwaya za vita. Markus Zusak, mwaka 2005, alimpa Mauti mwenyewe kazi ya kusimulia vita vya Hitler. Ahmadou Kourouma wa Ivory Coast, mwaka 2000, alimpa kazi hiyo mtoto aliyetiwa jeshini. Alinda si Mauti wala si askari. Ugeni wake ni kwamba yeye hafanyi lolote katika vita isipokuwa kuvingoja. Hata jina lake lina neno kulinda, ambalo Mswahili analijua; katika lugha zetu za huku, Kinyoro na Kihaya, neno hilo hubeba pia maana ya kungoja.

Mwanahistoria anaweza kulalamika kwamba msimulizi wa namna hii hafai. Mtoto hajui sababu za vita. Hawezi kutueleza maasi ndani ya jeshi la Amin, wala kwamba tarehe 1 Novemba 1978 Amin alitangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, ni mali yake. Ni kweli, hayo hayajui. Lakini anajua mambo ambayo jemadari hayajui. Anajua chakula kimefichwa wapi, na ni nani anayekohoa usiku wakati wote wametakiwa kunyamaza. Na anajua kwamba uchungu wa uzazi hausubiri vita viishe. Mama yake anajifungua katika usiku wa hofu, pasipo hospitali, na anafariki. Mtoto mchanga anabaki. Hakuna aliyempiga risasi mama yule, wala hawezi kuhesabiwa miongoni mwa waliouawa na askari, lakini vita ndivyo vilivyomwua.

Nami mwaka 1978 nilikuwa na umri karibu sawa na wa Alinda, nikiishi Muleba. Nakumbuka watu wa ng'ambo ya mto walivyokuwa wakishuka kusini na mikeka, sufuria na watoto mgongoni. Nakumbuka taa kuzimwa mapema, na wakubwa kuinamia redio na kutuambia tunyamaze. Nakumbuka mama mmoja aliyehifadhiwa kwetu alivyokuwa akitoka kila asubuhi na kusimama barabarani, akitazama upande wa Kyaka. Hakutuambia anamngoja nani. Siku moja aliacha kwenda barabarani, na hatukumwuliza. Sijakutana na kitabu chetu ambamo mama huyo angeweza kuingia. Katika kitabu cha Kyomuhendo angeingia bila kubisha hodi.

Kuna jambo la pili ambalo msimulizi huyu analiwezesha, nalo ni zito zaidi kwetu. Kwa macho yake, sisi ndio tunaofika. Askari wa Tanzania wanaingia kijijini wakisema Kiswahili, na watu wanawapokea kama wakombozi. Mmoja wao, Bahati, anazoeleka nyumbani kama mgeni mwema, na mapenzi yanazuka kati yake na Jungu, msichana jirani. Alinda hamtukani wala hamtukuzi. Anamtazama tu, kama mtoto anavyomtazama mgeni, na katika kutazama huko tunamwona askari wetu alivyo: kijana aliye mbali na kwao, mwenye njaa, mwenye bunduki, na mwenye hamu ya kupendwa. Vitabu vyetu vilimfanya shujaa. Yeye amemfanya mtu.

Tena hao waliokuwa wakitungoja kule hawakuwa watu baki. Watawala wa Kiziba, hapa kaskazini ya Bukoba, walihesabu ukoo wao kuwa ni wa Wabito, waliotoka Bunyoro, na Hoima ndiyo Bunyoro yenyewe. Mhaya akisoma habari za jamaa ile kujificha katika migomba haambiwi kibanja ni nini. Ni kibanja chake.

Majeshi yetu yalibaki Uganda hadi mwaka 1981. Mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage hapa Muleba, walitambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini. Wataalamu wamebishana mengi juu ya njia ugonjwa ulizopitia: vita, magendo, barabara, wasafiri wa kila aina. Sitaki kuamua kesi hiyo, wala kumbebesha lawama kijana kama Bahati au msichana kama Jungu. Nasema tu kwamba jemadari anayehesabu miji iliyotekwa huifunga hadithi yake siku ya ushindi. Mtu wa nyumbani hawezi kuifunga siku hiyo. Kwake yapo bado mazishi, yupo mtoto mchanga wa kunyonyeshwa, na wapo waliopendana na wakaachana.

Waliokufa vitani tumewaheshimu, na ni haki yao. Makaburi yao yako Kaboya, wilayani humu humu Muleba, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka. Lakini hakuna kaburi Kaboya la mama aliyefia uzazini akiwa mkimbizini, wala la mzee aliyekataa kuacha kibanja chake ng'ambo ya mto. Hao hawakuwa askari, na makaburi ya askari si mahali pao. Mahali pao pangekuwa kitabuni.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Tumeirudia methali hiyo mpaka tumesahau kwamba nyasi zina kumbukumbu. Mwandishi wa Hoima amezipa sauti nyasi za kwao. Za kwetu bado zipo, ila zinakauka: aliyekuwa na miaka kumi na mitatu mwaka 1978 sasa amepita sitini, na aliyekuwa mama wa watoto wakati ule, kama yu hai, ni bibi kizee. Mwenye bibi wa namna hiyo nyumbani asimwulize juu ya Amin, maana habari za Amin zimekwisha kuandikwa. Amwulize usiku ule alibeba nini, aliacha nini, na alikuwa akimngoja nani.