Kutoka Venus hadi Zinaa: Visasili vya Kiyunani na Kirumi katika Istilahi za Tiba, kwa Kuitazama Masukulu

Istilahi nyingi za tiba na sayansi zimebeba majina ya miungu. Zilikotoka si swali la makala haya, kwani kamusi za etimolojia zimekwisha kulijibu. Tunachouliza ni miungu hao waliishia wapi walipofika katika Kiswahili, na kilichowekwa mahali pao kinamgharimu nini mgonjwa. Tunaitazama Masukulu, kata ya wilaya ya Rungwe, ambako maumivu huweza kutajwa kwanza kwa Kinyakyusa, yakaelezwa kwa Kiswahili, kisha yakaandikwa kwa Kiingereza.

Baadhi ya miungu walivuka wakiwa sauti tupu. Mofini inambeba Morpheus, mungu wa ndoto katika ushairi wa Ovid. Atropini imetokana na Atropa, jina ambalo Linnaeus aliipa jenasi ya mmea wenye sumu kwa kumkumbuka Atropos, yule miongoni mwa miungu wa kike wa majaaliwa akataye uzi wa uhai. Kinaya ni kwamba atropini ndiyo hupewa mkulima aliyedhuriwa na viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti ili uzi huo usikatwe. Volkano nayo ni Vulcan, mungu wa moto wa Warumi. Wakazi wa Rungwe waliujua moto huo kabla ya kulijua neno: mlima Kiejo ulimwaga zaha takriban mwaka 1800, na Ziwa Masoko limo katika shimo la mlipuko wa kale.

Wengine waliachwa mlangoni. Mwaka 1530 Fracastoro, tabibu wa Verona, alitunga utenzi wa Kilatini kuhusu mchungaji Syphilus aliyeadhibiwa kwa kumtukana mungu wa Jua, na jina la mchungaji likawa jina la ugonjwa. Kiswahili hakikumhitaji, kilikuwa na kaswende na sekeneko. Hygieia, binti wa Asklepios, aliachia nafasi usafi na afya. Morpheus mwenyewe, nje ya chupa ya dawa, alishindwa na nusukaputi, neno ambalo nusu yake ya pili huhusishwa na Kijerumani, lugha ya watawala waliojenga makao yao Tukuyu.

Kisa cha Venus ndicho kizito zaidi. Katika Kilatini mungu huyu wa mapenzi alikuwa na nyota angani na, kupitia jina lake, akaja kuwa na magonjwa duniani. Kiswahili kiliwatenganisha. Nyota ilipewa jina la Kiarabu, Zuhura. Magonjwa yakaitwa ya zinaa. (Sayari ya Mercury ilipatwa na kinyume chake: Utaridi, jina la Kiarabu, limesukumwa kando na Zebaki, tafsiri ya jina la madini ambayo yenyewe yalikuwa yameazima jina la sayari.) Zuhura halimhukumu mtu. Zinaa ni istilahi ya sheria ya dini, yenye kosa na mkosaji. Mke asiyetoka nje ya ndoa, au mtoto aliyezaliwa na kaswende, anaingizwa katika kundi la waliotenda jambo asilolitenda. Venus aliweza kubeba mzigo huo kwa sababu hakuna tena anayemwabudu. Jina lake ni gamba tupu. Zinaa bado hutajwa mimbarini.

Mtu anaweza kudai kwamba neno huchukua karne nyingi kusahau lilikotoka. Historia ya Rungwe yenyewe inalipinga dai hilo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa miaka ya 1930, alimweleza Kyala kuwa mmoja wa mashujaa wa kale, mwenye mahali pake pa matambiko pangoni karibu na Ziwa Nyasa, kama Lwembe alivyokuwa na pake Lubaga. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin, waliofika mwaka 1891, walilitumia jina hilo kumtaja Mungu wa Biblia. Katika vizazi vichache tu Kyala likawa istilahi ya teolojia, na waumini wengi hulitamka bila kulifikiria pango. Jina la shujaa lilikubali kumwagwa na kujazwa upya. Neno la hukumu halimwagiki kwa urahisi huo, maana mahubiri hulijaza tena kila wiki.

Kwa hiyo tunaona magonjwa ya ngono, yaliyokwisha kuanza kutumika kando ya magonjwa ya zinaa, yana haki zaidi ya kusanifiwa. Kiswahili kilikwisha kupita njia hiyo baada ya ugonjwa mpya kubainika Kagera mwaka 1983: kiliunda UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini, istilahi inayoutaja mwili na kuliacha tendo. Unyanyapaa haukukoma, lakini angalau haukuandikwa ndani ya jina.