Ile harufu ya ponti: salfa, mukuba na udongo wa Lubumbashi



Jumamosi moja yaya aliniita nimusaidie kubadilisha mafuta ya ponti kwenye Hiace yake ya zamani, pale pale mu lupango. Ponti, ile wenzetu wa Tanzania wanaita difu, ni kile kichwa cha chuma kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma. Alipofungua bushoni ya chini, harufu ikatoka, kali, sawa na mayai yaliyooza. Nikaruka. Yaya akacheka: "Mudogo, ile njo harufu yake. Yote inanukaka vile."

Lakini juu ya nini inanuka? Nilitafuta jibu, nikakuta historia ndefu ambayo mwishowe inarudi hapa kwetu.

Tuanze na chombo chenyewe. Motokari ikikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yamefungwa kwenye chuma kimoja, moja litaburutwa tu. Mwaka wa 1828 fundi mmoja wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alipata hati ya uvumbuzi wa gari la mvuke lenye meno yanayogawa mwendo, kila gurudumu lizunguke kwa kasi yake. Motokari za leo zinafuata wazo lile lile.

Meno ya chuma yanataka mafuta. Zamani mafuta yalitoka kwa nyama na mimea. Katika karne ya 19, treni za Uingereza zilipakwa kwenye mihimili ya magurudumu grisi iliyochanganywa na mafuta ya ngazi kutoka Afrika Magharibi. Ndiyo, ile ile tunapikia sombe! Kwetu Congo, mwaka wa 1911 kampuni ya Lever ilipewa ardhi kubwa sana kwa ajili ya ngazi, zaidi kwa kutengeneza sabuni, na watu wa Kwango na Kwilu wakasukumwa kupanda michikichi kwa malipo madogo. Uasi wa Wapende wa mwaka wa 1931 ulikuwa na uchungu huo ndani yake. Na mbono, ule mti unajiotea tu kando ya njia, mafuta yake yalilainisha injini za ndege katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Sisi wa agronomia tusisahau: kabla ya petroli, mashine zilikula shamba.

Kisha mambo yakabadilika. Kwenye mwaka wa 1926 kampuni ya Packard, kule Marekani, ilianza kutumia meno ya aina mpya kwenye ponti, yanayoitwa hipoidi. Faida yake ni kwamba ile fimbo inayoleta nguvu kutoka mbele inaingia chini zaidi, na motokari inakaa chini. Hasara yake: meno hayasukumani tu, yanateleza moja juu ya lingine kwa mgandamizo mkubwa. Mafuta ya kawaida yanakamuliwa, yanatoka katikati, chuma kinasaga chuma. Wanakemia wakaongeza salfa. Meno yakipata moto, salfa inashikana na chuma na kufanya ngozi nyembamba sana. Ile ngozi njo inaisha polepole, jino linabaki. Harufu ya Hiace ya yaya ni hiyo.

Hata nyangumi waliingia katika habari hii. Mafuta ya nyangumi aina ya kashaloti, yakitiwa salfa, yalikuwa mazuri sana kwa meno hayo. Mwaka wa 1970 Marekani iliweka nyangumi huyo kati ya wanyama wa kulindwa na kuzuia mafuta yake yasiingizwe. Kati ya vitu vilivyotafutwa kuchukua nafasi yake ni mbegu ya jojoba, mmea wa jangwani. Shamba likaitwa tena.

Sasa tufike kwetu. Salfa inapenda mukuba. Jiwe la Kipushi, kilometa kama 30 kutoka hapa, lina mukuba, zinki na salfa vimeshikana pamoja. Mukuba na zinki ukiyeyusha pamoja unapata shaba ya njano, na pete zilizo ndani ya boiti nyingi za zamani zimetengenezwa kwa shaba hiyo. Ndiyo maana mafuta yaliyoandikwa GL-5, yenye salfa na fosforasi nyingi, ni ya ponti. Boiti ya zamani mara nyingi inaomba GL-4. Ukikosea, salfa inaweza kula zile pete polepole. Usimwage tu kwa sababu bidoni zinafanana.

Na mkifanya kazi hii nyumbani: tembeza motokari kidogo mafuta yapate moto, ikae sawa juu ya vyuma vya kushikilia, si juu ya jeki peke yake. Fungueni kwanza bushoni ya juu, ile ya kujazia. Kama imekwama na mafuta yameisha kutoka, hamuna tena motokari.

Mafuta yote yalipotoka, litre kama mbili, nyeusi, yaya akachukua bakuli na kuelekea kwenye fensi. "Itauwa manyasi." Nilimushika mukono. Mita chache kutoka pale tuko na lengalenga, na kisima.

Kiwanda cha kuyeyusha mukuba cha Lubumbashi kilianza mwaka wa 1911. Moshi wake, wenye salfa na vumbi la metali, ulifuata upepo kwenda kaskazini-magharibi, mwaka baada ya mwaka, mpaka miaka ya 1990. Miti ya miombo ikaisha upande ule. Moshi ulipopungua, udongo haukupona: mukuba, zinki, risasi na kadimi bado vimo. Fakilte yetu ya agronomia ya UNILU imejaribu huko kuotesha manyasi ya *Microchloa*, kusudi tu vumbi lisiruke. Hakuna bosi aliyeharibu ile ardhi siku moja. Ilikuwa kidogo kidogo.

Yaya aliniambia: "Lakini kila mutu anamwanga." Nikamujibu: njo ile ile.

Tuliyatia mu bidoni, tukaifunga. Ilikaa nyuma ya nyumba wiki tatu mpaka tukapata garaji lenye pipa la mafuta machafu. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: mbele ya kununua mafuta mapya, uliza kwanza ya zamani utayapeleka wapi.