Usenet na Gharama ya Kuhifadhi

Historia ya kupeana mafaili mtandaoni husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza na Napster mwaka 1999. Lakini miaka 20 kabla yake, Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walikwisha kubuni Usenet, na mfumo huo unatufundisha kwamba kilicho mikononi mwa wengi hakipotei kirahisi. Kompyuta zilipigiana simu usiku, kila moja ikinakili ujumbe mpya na kuupitisha kwa nyingine. Mfumo ulijengwa kwa ajili ya maandishi tu. Hivyo picha au programu ililazimika kugeuzwa kuwa herufi, baiti 3 zikawa herufi 4, kisha kukatwa vipande na kutumwa kimoja kimoja. Kazi ilikuwa ngumu, lakini faili likishasambaa halikumtegemea tena aliyelituma. Napster ilikuwa rahisi zaidi, ila orodha yake yote ya mafaili ilikaa mahali pamoja. Amri ya mahakama ilitosha kuizima mwaka 2001.

Wapo watakaosema BitTorrent, mfumo wa watumiaji kupeana mafaili wao kwa wao uliotolewa na Bram Cohen mwaka huohuo, uliondoa udhaifu huo bila kumtwisha mwenye seva mzigo wa kuhifadhi. Ni kweli, tena seva za Usenet zilifuta ujumbe wa zamani ili kupata nafasi. Lakini katika BitTorrent, wote wenye faili kamili wakiondoka, wanaobaki wanaweza kukosa pa kulipata. Kuhifadhi kuna gharama, na tusipojua anayeibeba, tutapoteza tunachodhani kiko salama.