Sauti ya Siti binti Saad katika nyumba zetu

Ndugu zangu wa ukoo, nyumbani kwetu Maskati santuri za Siti binti Saad zilihifadhiwa katika kabati moja na hati za mirathi. Marehemu bibi akiziita sauti ya nyumbani. Miaka mingi ilipita kabla sijajiuliza: nyumbani kwa nani?

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika jamaa ya watumwa, akapewa jina la Mtumwa. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1897, lakini sheria haikumbadilishia mtu jina wala kumpa heshima mbele ya waliokuwa mabwana. Msichana huyo aliuza vyungu, akinadi bidhaa yake njiani. Mwaka 1911 akahamia mjini. Hakujua kusoma, mashairi aliyahifadhi kwa sikio.

Taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti na wenzake wakaghani kwa Kiswahili, kwa vina na mizani tuliyoizoea, lakini habari zikawa za Ng'ambo: mapenzi, dhuluma, mahakama. Wimbo wa "Kijiti" unasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji akatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Yaliyokataliwa mbele ya hakimu yakasemwa mbele ya hadhara, na asiyejua herufi aliweza kuyachukua hadi kwao akayaimba tena.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi. Nembo ya santuri zile ilisema kwa Kiingereza "sauti ya bwana wake". Sijui kama kuna aliyecheka. Kufikia hapo Mtumwa alikwisha kuwa Siti, neno la Kiarabu ambalo nyumba kama zetu ziliwawekea mabibi wao. Waarabu wenye mali, watu wa tabaka la wazee wetu, walimwalika majumbani mwao, wakamsikiliza na kumtunza.

Basi nirudi kabatini. Katika hati mojawapo, majina ya watu wanne yameandikwa baada ya idadi ya mikarafuu na kabla ya ng'ombe. Hawakutajwa baba zao. Bibi alijua kuzisoma hati hizo, na "Kijiti" aliijua ubeti kwa ubeti. Sikupata kumsikia akivitaja viwili hivyo katika mazungumzo mamoja.

Majina yale nimeyanukuu. Jamaa anayeyahitaji na aniandikie.