Kuanika na Kuanua

Katika lugha yetu kuna vitenzi viwili visivyotengana: kuanika na kuanua. Kuanika ni kutandaza kitu juani kikauke. Kuanua ni kukiondoa, aghalabu kwa haraka, kabla mvua haijakifikia. Mtu wa Mji Mkongwe huanika nguo zake darini na kuzianua jioni, na akichelewa hasara yake ni kufua tena. Lakini kwa mtu wa shamba, khasa shamba la karafuu, ndani ya maneno hayo mawili imo riziki ya mwaka mzima. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, nami nimefikia kuamini kwamba mambo ya Unguja ya miaka 200 iliyopita husomeka vizuri zaidi juu ya jamvi la karafuu kuliko kwenye baraza za Beit el Ajaib.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kulala shamba, nieleze kwanza kazi yenyewe. Karafuu huchumwa ikiwa ni tumba ambalo halijafunguka, linapoanza kugeuka rangi na kuwa jekundu kidogo. Ikiachwa ikachanua imeshapoteza thamani. Mchumaji hupanda mti, huvuta matawi kwa ngoe na kujaza pakacha. Jioni hukaa watu ukumbini kuchambua, yaani kutenganisha karafuu na makonyo yake, kazi ya wanawake, watoto na wazee ambayo mara nyingi huendelea mpaka usiku kwa mwanga wa taa. Asubuhi karafuu huanikwa juu ya majamvi au juu ya sakafu ya saruji, zikageuzwa mara kwa mara ili zikauke sawasawa. Jua likiwa kali, siku nne au tano zinatosha. Kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kiasi cha kilo moja kavu, yenye rangi ya kahawia na yenye kuvunjika ukiikunja. Lakini zikilowa katikati ya safari hiyo, au zikirundikwa ndani mbichi siku mbili tatu kwa kukosa jua, huchacha, zikapauka na kusinyaa, na mnunuzi akizitia mkononi hujua mara moja.

Sasa tazama uchungu wa jambo hili. Msimu wa karafuu huanza kiasi cha Julai na huweza kuendelea mpaka Januari, na katikati yake ndiyo inayoingia vuli. Mvua ya masika hutangaza safari yake. Hujaza mbingu na kukaa. Vuli haina adabu hiyo. Hunyesha Dole na kuiacha Mwera kavu, au hunyesha upande mmoja wa njia. Mtu aliyekaa Forodhani akila urojo anaweza kuuona weusi wa wingu juu ya kilima cha Masingini, asijue kwamba nyuma ya kilima hicho kuna watu wanaokimbia. Mimi nina kibanda changu huko shamba, nyumba ndogo ya udongo na bati. Nikiwa huko siku ya vuli, siwezi kupalilia, kufagia majani wala kuziba paa bila kila baada ya dakika chache kuinua uso na kuangalia mashariki. Upepo ukisita na majani yakaonesha mgongo, sauti moja hutosha: "Anueni!" Basi kila aliyepo, mgeni kwa mwenyeji, hukamata pembe ya jamvi.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa mambo ya hali ya hewa. Walihesabu siku tangu Nairuzi, ile siku ya Mwaka ambayo watu wa Makunduchi huisherehekea hadi leo mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa, na siku hizo wakazigawa katika makumi yanayoitwa miongo. Kwa miongo walijua lini kusafisha konde, lini kupanda, lini kusi ingelegea na lini kaskazi ingeanza kuleta majahazi. Hesabu hiyo ilifaa mno kwa mpunga na muhogo. Kwa karafuu iliyoko jamvini haikutosha, kwa sababu mwongo hukuambia majira, haukuambii saa. Na karafuu haikuwako wakati hesabu hiyo ilipotungwa.

Karafuu ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, nchi ya Indonesia ya leo, na mbegu zilizofika kwetu zilipitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Inaelezwa kwamba mfanyabiashara Saleh bin Haramil al-Abry ndiye aliyezileta mwanzoni mwa karne ya 19, na kwamba miti ya awali ilipandwa Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan, aliyekuja kuifanya Unguja kuwa makao yake badala ya Maskati, aliona mbali. Yeye na jamaa zake walipanda kwa wingi, na wengine wakafuata. Kufikia miaka ya 1840 karafuu zilikuwa nyingi kiasi cha kuishusha bei katika soko la dunia.

Haya yote tumeyafundisha darasani, na wanafunzi wetu wameyaandika katika mitihani. Yale ambayo vitabu tulivyofundishia huyapita kwa sentensi moja ni mikono. Mkarafuu hautaki mikono mingi mwaka mzima, lakini msimu ukifika huitaka yote kwa pamoja, tena huitaka iwe hapo hapo karibu, kwa kuwa tumba halimngoji mtu na wingu halimngoji mtu. Hapo ndipo sababu moja ya utumwa wa mashamba ilipokuwa. Kwa kawaida mtumwa wa shamba alipewa siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, alime konde lake mwenyewe apate kula. Msimu wa karafuu ulipowadia siku hizo nazo ziliingiliwa. Salme binti Said, bintiye Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaolewa na Mjerumani, aliandika kitabu kilichotolewa mwaka 1886. Ndani yake ameyaeleza kwa mapenzi makubwa maisha ya nyumbani kwao na mashambani, na amewatetea jamaa zake juu ya utumwa. Ninakithamini kitabu hicho. Lakini mwandishi wake alilitazama shamba kutoka kivulini, na aliyekuwa juani hakuachiwa kalamu.

Tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa masika, hali ya hewa iliandika sura yake yenyewe. Kimbunga kilipiga Unguja, jambo lisilo la kawaida katika bahari yetu. Vyombo vilizama na kutupwa pwani mbele ya mji, na mashambani sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, pengine theluthi mbili, iling'olewa au kuvunjika. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu mpya hutaka miaka sita au saba kabla ya kuanza kuzaa, kwa hiyo siku moja ya upepo ilihamisha kitovu cha karafuu kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, na Pemba haikukiachia tena nafasi hiyo mpaka leo.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash, akitishwa na manowari za Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Mambo mawili yakakutana: miti ilitakiwa kupandwa upya, na mikono mipya haikuruhusiwa kuletwa. Mtu angedhani mikono iliyokuwapo ingepata nafuu. Utumwa wenyewe ulidumu mpaka amri ya mwaka 1897 wakati wa Sayyid Hamoud bin Mohammed, na hata hapo aliyetaka uhuru wake ilimpasa aende kuudai. Wengi walibaki pale pale mashambani, wakifanya kazi kwa mwenye ardhi siku kadhaa za wiki ili waruhusiwe kulima vipande vyao. Msimu ulipofika waliungana na Wahadimu waliotoka maweni, kusini na mashariki ya kisiwa, na watu wa bara, wakilipwa kwa pishi.

Wahenga walisema, mchumia juani hula kivulini. Nimewasikia walimu wengi, nami nikiwamo, wakiutumia msemo huo kuwahimiza watoto. Upime sasa kwa karafuu. Aliyechuma juani alikula juani, na aliyekuwa kivulini alikula bila ya kuchuma. Wala tusimwonee mwenye shamba peke yake. Kufikia miaka ya 1930 wenye mashamba wengi walikuwa wamezama katika madeni, karafuu zao zimewekwa rehani kabla hazijachumwa. Mvua ikiharibu jamvi, mchumaji alikuwa ameshapokea ujira wake mdogo, na mwenye shamba akabaki na deni kubwa zaidi. Kivuli kilikuwa kimesogea mjini, penye madaftari ya mikopo na maghala ya kusafirishia.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliligusa jambo hili moja kwa moja. Ardhi ilifanywa mali ya serikali mwezi Machi mwaka huo huo, na baadaye familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu. Kwa mara ya kwanza aliyekimbia kuanua aliweza kuwa anaanua karafuu zake mwenyewe. Sitaki msomaji alipite jambo hili haraka. Nimewajua watu waliozaliwa juu ya ardhi waliyoilima kwa idhini ya mtu mwingine, wakafa wakiwa na eka tatu. Hata hivyo kivuli hakikurudi shamba. Mnunuzi halali alikuwa mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa lililoundwa mwaka 1968, na kwa miaka mingi bei aliyopewa mkulima ilikuwa sehemu ndogo ya ile iliyolipwa ng'ambo. Magendo yakashamiri, na adhabu zake zikawa kali. Kisha katika miaka ya 1980 Indonesia, mnunuzi mkubwa wa kutia karafuu katika sigara zake, ikajitosheleza kwa miti yake yenyewe, na bei ikaanguka. Watu waliacha karafuu zikachanua mitini kwa kuwa ujira wa kuzichuma ulizidi thamani yake. Mwaka 2011 serikali iliipandisha sana bei ya mkulima, na majamvi yakatandazwa tena penye majani.

Leo eka tatu zile zimerithiwa na wajukuu. Miti mingi imezeeka, na vijana wako mjini au kwenye hoteli za pwani ya mashariki, jambo ambalo siwalaumu. Mara nyingi anayebaki kuangalia mbingu ni bibi mmoja na mtoto aliyetoka skuli mchana. Turubai la plastiki limesaidia, na taarifa za hali ya hewa zinafika kwenye simu. Mapema Mei 2024 taarifa hizo zilitutahadharisha juu ya Kimbunga Hidaya siku kadhaa kabla hakijafika Mafia, tahadhari ambayo watu wa 1872 hawakuwa nayo. Lakini simu, kama miongo, haimwambii bibi yule kwamba wingu la Masingini litashuka kwake baada ya robo saa. Bado macho yake ndiyo yanayosema, na miguu yake ndiyo inayojibu.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba msemo wa wahenga si habari ya mambo yalivyo. Ni dai. Unasema nani anastahili kula kivulini, na kila zama za kisiwa hiki zinaweza kupimwa kwa namna zilivyolilipa dai hilo au kulikwepa. Zama za masultani zililikwepa wazi wazi. Zama za madeni zililisogeza mbali. Zama za eka tatu zililipa ardhi zikazuia bei. Walimu wanaoshika chaki sasa nawausia waliweke swali hili mbele ya wanafunzi wao pamoja na majina ya wafalme na tarehe za mikataba. Kisha wawatume wakamuulize mtu mzima yeyote wa Kizimbani, Donge au Mangapwani: mvua ilipokuja, nani alikimbia, na karafuu zilikuwa za nani? Waandike majibu, na majina pia. Wengi wanaoweza kujibu ni wazee sana, na hakuna kitabu kilichowasubiri.